Kijitu Kilichotoka Mgodini

Kisanamu ambacho Wajerumani, Waingereza na Wafaransa hupenda kukisimamisha katikati ya maua yao hakizidi sana goti la mtu mzima. Kina ndevu nyeupe, mashavu mekundu na kofia yenye ncha. Aliyewahi kuangalia filamu ya katuni ya Snow White anakifahamu, hata kama hajakutana nacho ana kwa ana. Wengi hukicheka wakapita. Lakini uache kwanza ule uso wa kibabu, utazame kilichovaa na kilichoshika: kofia ya kufunika kichwa chote, aproni ya ngozi, buti nzito, sururu au koleo, na mara nyingi taa. Nani anahitaji taa ili kumwagilia waridi mchana kweupe? Mavazi hayo ni ya kazi nyingine kabisa. Ni mavazi ya wachimba madini wa Ulaya ya kati wa miaka 500 iliyopita. Bustanini yameletwa na safari ndefu iliyoanzia chini ya ardhi, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akicheka.

Kati ya Saxony na Bohemia, yaani mpakani mwa Ujerumani na nchi ya Wacheki ya leo, kuna safu ya milima iitwayo Erzgebirge. Mwishoni mwa karne ya 15 watu walipata fedha huko. Walianza Schneeberg, wakafuata Annaberg, na mwaka 1516 ukaanzishwa mji wa Joachimsthal kwenye bonde lililokuwa karibu tupu. Katika miaka isiyofika 20, bonde lile lilifurika maelfu ya wachimbaji, mafundi wa tanuri, wachuuzi, makahaba na makasisi. Sarafu za fedha zilizopigwa pale ziliitwa thaler, na ukoo wake uliishi muda mrefu: riale za Maria Theresia zilizopita mikononi mwa wafanyabiashara wa Unguja katika karne ya 19 ni wajukuu wa sarafu za bonde hilo.

Mwaka 1527 alifika Joachimsthal daktari kijana aliyeitwa Georg Bauer, anayejulikana zaidi kwa jina lake la Kilatini, Georgius Agricola. Aliajiriwa kutibu watu wa mji, lakini kila alipopata nafasi alishuka migodini, akaingia kwenye matanuri na kuwauliza wazee wa kazi maswali mengi. Maarifa hayo ndiyo yaliyozaa kitabu chake kikubwa cha uchimbaji, De Re Metallica, kilichochapishwa 1556, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Kwa takriban karne mbili wachimbaji wa Ulaya hawakuwa na kitabu cha kukishinda. Ni kitabu cha mtu makini, chenye michoro ya pampu, winchi na ngazi ambayo fundi angeweza kuifuata. Ndiyo maana msomaji wa leo hushangaa anapokutana, katikati ya sababu za kuacha mgodi, na sababu hii: kuwepo kwa pepo wakali ambao hawafukuziki ila kwa sala na kufunga.

Agricola alikuwa amekwisha kuwaeleza pepo hao katika kitabu kidogo cha 1549 kuhusu wanyama wanaoishi chini ya ardhi. Aliwagawa makundi mawili. Wa kwanza walikuwa wauaji. Huko Annaberg, aliandika, pepo mmoja aliyejitokeza kwa umbo la farasi aliua wafanyakazi zaidi ya kumi na wawili kwa pumzi yake tu, na shimo likaachwa ingawa lilikuwa na fedha tele. Msomaji anayejua migodi hatasumbuka kutambua ile pumzi ilikuwa nini. Hewa chafu hujikusanya kwenye mashimo yasiyopitisha upepo. Haina rangi, na mara nyingi haina hata harufu, na mtu huanguka kabla hajajua kilichompata. Aliyebaki hai lazima aseme amemwona nani.

Kundi la pili ndilo linalotuhusu. Hawa walikuwa wapole. Walikuwa vizee vifupi, kimo chao kama futi mbili, wamevaa kama wachimbaji wenyewe, joho lenye kofia na ngozi kiunoni. Walionekana wakihangaika huku na huko, wakichimba, wakijaza ndoo, wakizungusha winchi, na kumbe hawafanyi lolote. Wakati mwingine waliwarushia wafanyakazi kokoto, lakini hawakumdhuru mtu ila aliyewadhihaki au kuwatukana. Wachimbaji hawakukimbia waliposikia vishindo vyao. Walizidi kuchimba hapo hapo, kwa sababu iliaminika kwamba penye vijitu pana madini.

Maelezo hayo yamebeba vitu vyote vya kisanamu cha bustani: uzee, ufupi, kofia, ngozi kiunoni, na shughuli isiyoisha wala kuzaa chochote. Tena yana uhusiano wa karibu na kazi yenyewe. Mbao za kuzuia mwamba hulia kabla ya kuvunjika, kokoto hudondoka kabla ya dari kuporomoka, na sauti ya sururu ya mwenzako husafiri ndani ya jiwe ikatokea upande usioutarajia. Huko Mansfeld, ambako baba yake Martin Luther alijitafutia riziki katika biashara ya shaba, tabaka la mawe yenye shaba lilikuwa jembamba kiasi kwamba mchimbaji alifanya kazi amelala ubavu, shingo imepinda. Ukimwona mtu wa namna hiyo akitambaa kwa mwanga wa taa ya mafuta, vumbi limegeuza ndevu zake kuwa za babu, huhitaji hadithi nyingi ili umwone kijitu. Agricola aliandika pia kwamba katika migodi ya milima ya Carpathia kulikuwa na wanawake waliokwisha kuolewa na wanaume saba, wote saba wakiwa wameliwa na maradhi ya mapafu.

Vijitu vilikuwa na ubaya mmoja uliowaudhi hata wale waliovipenda. Wachimbaji wa Erzgebirge walikutana mara kwa mara na mawe mazito yanayong'aa, mazuri kwa macho, ambayo yakitiwa tanurini hayakutoa fedha wala shaba, ila moshi wenye sumu ya aseniki uliowachoma mapafu na mikono. Walisema vijitu vimeiba fedha usiku na kuacha takataka hiyo mahali pake. Jiwe likaitwa kwa jina la mwizi: kobold. Karibu mwaka 1735 mwanakemia Georg Brandt wa Stockholm alionyesha kwamba ndani ya mawe hayo kuna metali mpya, na jina la pepo likabaki nayo. Ndiyo kobalti hiyo hiyo inayochimbwa leo Kolwezi na kwingineko Katanga, ambako Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia kwa ajili ya betri za simu na magari. Kijana anayeshuka na kamba katika shimo la Kolwezi anachimba kitu kilichopewa jina na wanaume wa kazi kama yake, waliokuwa na hofu kama zake, na walioambulia patupu.

Jina ambalo Waingereza humwitia kijitu chetu, gnome, lilitoka kwa daktari mwingine, rika moja na Agricola lakini mwenye hulka tofauti kabisa. Theophrastus von Hohenheim, ajulikanaye kama Paracelsus, alizaliwa Uswisi karibu mwaka 1493 na kulelewa Villach, mji wa migodi huko Carinthia, ambako baba yake alikuwa daktari. Alikuwa mgomvi na mlevi, mtu wa kuhamahama. Katika kitabu kilichochapishwa 1566, miaka 25 baada ya kifo chake, alifundisha kwamba kila asili ya ulimwengu ina watu wake: majini wa maji, wa hewa, wa moto na wa ardhi. Wale wa ardhi, ambao ndio gnome, hupita ndani ya mwamba kama sisi tunavyopita hewani, na hulinda hazina zilizozikwa. Mwaka uliofuata, 1567, kilitolewa kitabu chake kingine, cha kwanza barani Ulaya kushughulikia maradhi ya wachimba madini peke yake. Mkono ulioviandikia vijitu falsafa ndio ulioandika kuhusu vifua vinavyopumua vumbi, na mimi siwezi kuvisoma vitabu hivyo viwili kama kazi za watu wawili.

Hapo kuna pengo. Kutoka mgodini hadi bustanini hakukuwa na njia ya moja kwa moja, na waandishi wengi wa magazeti huruka hapa wakidai kwamba mtu fulani aliamka asubuhi akabuni kisanamu. Ukweli ni kwamba bustani za matajiri zilikuwa na vijitu vya aina nyingine tayari. Watawala wa Italia waliwaweka katika majumba yao watu wenye kimo kifupi kama watumbuizaji, nusu watumishi nusu mali. Mmoja wao, aliyepewa jina la utani la Morgante, alichongewa sanamu ya marumaru katika karne ya 16, akiwa uchi amempanda kobe, na sanamu hiyo ikawekwa katika bustani ya Boboli ya ukoo wa Medici huko Florence. Mchoraji Jacques Callot, aliyefanya kazi katika jiji hilo, alichora mfululizo wa vijitu vyenye vibyongo, walevi na wapiga zeze, na michoro hiyo ikaenea Ulaya nzima na kuigwa na wachongaji na viwanda vya kauri. Mwishoni mwa karne ya 17 Askofu Mkuu wa Salzburg, Johann Ernst von Thun, aliweka vijitu 28 vya marumaru katika bustani ya Mirabell, katika mji ule ule alikofia Paracelsus. Mwanzoni mwa karne ya 19, mji ukiwa chini ya Bavaria, mrithi wa kiti cha ufalme, Ludwig, aliviona kuwa ni aibu na kuamuru viondolewe. Vilipigwa mnada. Baadhi vimerudishwa, na watalii huvipiga picha bila kujua kwamba wanachekea sura ambazo zilichongwa ili zichekwe.

Kicheko hicho hakikuwa na upole wowote. Upole ulikuja na wakusanyaji wa hadithi. Ndugu wawili, Jacob na Wilhelm Grimm, walitoa juzuu yao ya kwanza mwaka 1812, na ndani yake binti aliyekimbia chuki ya mama yake akapata hifadhi katika nyumba ya vijitu saba ambavyo kila siku huenda milimani kuchimba madini. Mwaka 1836 August Kopisch alitunga shairi kuhusu vijitu vya Cologne vilivyofanya usiku kazi zote za waokaji, waseremala na washonaji, mpaka mke wa fundi cherehani alipomwaga njegere sakafuni ili viteleze aweze kuviona. Vikaondoka na havikurudi tena. Waliosoma mashairi hayo walikuwa watu wa mjini, makarani, walimu na wenye maduka, katika nchi iliyoanza kujaa moshi wa viwanda. Mfanyakazi anayefanya kazi usiku, asiyeonekana, asiyedai mshahara na asiyelalamika, ni ndoto tamu kwa mtu mwenye duka.

Thuringia, katikati ya Ujerumani, ilikuwa na udongo mzuri wa mfinyanzi, kuni za misitu na mafundi wenye njaa. Kijiji cha Gräfenroda kilikuwa kikitengeneza vichwa vya wanyama vya udongo, mbwa na kulungu, kwa ajili ya kuta za wapenda uwindaji. August Heissner alifungua karakana yake 1872 na Philipp Griebel akafuata 1874, na kabla ya mwisho wa miaka ya 1880 walikuwa wamehamia kwenye vijitu. Kazi yenyewe haina muujiza. Udongo huingizwa katika kalibu ya jasi yenye vipande viwili au zaidi, ukishikana kisanamu hutolewa, mishono husuguliwa, hukaushwa polepole kisipasuke, kisha huchomwa tanurini na kupakwa rangi kwa mkono. Uso ndio kazi ngumu. Kalibu hutoa vijitu mia vilivyofanana, lakini mstari mmoja wa brashi juu ya jicho huamua kama mzee huyo ni mpole au ni mjanja. Bidhaa zilipelekwa kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig, na kutoka hapo zikasafiri hadi Uingereza na ng'ambo.

Gräfenroda hujiita mahali kijitu kilipozaliwa, na ina haki yake, maana hakuna kijiji kingine kilichokishughulikia kwa muda mrefu hivyo. Ila kuna Mwingereza mmoja aliyekuwa amekwisha kuvinunua visanamu vya namna hiyo kutoka Nuremberg, na kisa chake ndicho kilichonifanya niipende historia hii.

Sir Charles Isham, baroneti wa kumi wa ukoo wake, alizaliwa 1819 na kurithi jumba la Lamport katika mkoa wa Northamptonshire. Hakuwa mtu wa kawaida. Hakula nyama, hakupenda uwindaji ambao ndio uliokuwa dini ya majirani zake, na aliamini kwamba roho za wafu huzungumza na walio hai. Mwaka 1847 alianza kujenga kando ya nyumba yake mlima wa mawe, wenye urefu wa zaidi ya futi 20, mapango na nyufa, na kuupanda miti midogo iliyodumazwa ili kila kitu kionekane kikubwa. Baada ya muda aliwaleta wakazi wa mlima huo: vijitu 21 vya udongo kutoka Ujerumani. Hakuvisimamisha tu kama mapambo. Aliviweka midomoni mwa mapango na sururu na toroli zao, vikichimba.

Kisha akafanya jambo ambalo sijaona mwenye ardhi mwingine wa zama zake akilifanya. Baadhi ya vijitu aliviacha vimekaa, vimeweka vifaa chini, na kando yake akasimamisha bango. Vilikuwa vimegoma. Bango lilidai muda wa saa nane za kulala, saa nane za starehe, saa nane za kazi, na shilingi nane kwa siku.

Madai hayo hayakuwa mzaha wa Isham. Yalikuwa kilio cha vyama vya wafanyakazi wa Uingereza wa miaka ile, na wachimbaji wa makaa ya mawe walikuwa mstari wa mbele. Sheria ya kuwapunguzia muda wa kazi chini ya ardhi hadi saa nane ilipitishwa na bunge mwaka 1908 tu, miaka mitano baada ya yeye kufa. Je, tajiri huyu alikuwa akiwadhihaki wagomaji, au akiwaunga mkono? Nimesoma wanaosema hivi na wanaosema vile. Mimi naona jibu limo katika imani yake. Isham aliandika kwa dhati kabisa kwamba vijitu vipo, na kwamba vishindo wanavyosikia wachimbaji ndani ya mwamba ni kazi ya mikono ya viumbe hao. Mtu wa namna hiyo hachezi anapoweka sururu mkononi mwa kisanamu. Alikuwa miongoni mwa wachache katika karne nzima ya kuuza na kununua vijitu walioona kwamba walichosimamisha bustanini ni mfanyakazi, na mfanyakazi huchoka.

Familia yake haikukubali. Inasimuliwa kwamba alipofariki mwaka 1903 binti zake waliviondoa vijitu wakivipiga kwa bunduki za upepo. Mlima wa mawe ukamezwa na magugu, vita viwili vikapita. Baada ya Vita Kuu ya Pili mrithi wa jumba, Sir Gyles Isham, aliyekuwa mwigizaji wa jukwaani na filamu, alianza kuukarabati, na katika ufa mmoja kikapatikana kijitu kimoja kilichosalimika. Wenyeji wamekipa jina la Lampy. Magazeti yameripoti kwamba kimekatiwa bima ya pauni milioni moja, ambazo kijitu chenyewe, kwa mshahara kilioudai, kingezipata baada ya kufanya kazi miaka zaidi ya elfu sita bila mapumziko.

Wengine walifuata kwa fedha nyingi zaidi na fikra chache zaidi. Mwanasheria Frank Crisp alinunua Friar Park, huko Henley-on-Thames, mwaka 1889 na kurundika maelfu ya tani za mawe ili kutengeneza mfano wa mlima Matterhorn, pamoja na mapango yenye vijitu na taa. Aliwafungulia watu milango waje kuona. Miaka mingi baadaye, 1970, mwanamuziki George Harrison wa Beatles aliinunua nyumba hiyo na kupigwa picha majanini akiwa amezungukwa na vijitu vinne; picha hiyo ndiyo jalada la albamu yake All Things Must Pass.

Kisha kijitu kikashuka tena, safari hii kwa ngazi za tabaka. Viwanda vilipoongeza kalibu bei ilianguka, na maskini wakaweza kununua kilichokuwa cha mabwana. Ujerumani ilikuwa na mahali pa kukiweka: vishamba vidogo vya kukodi pembezoni mwa miji, ambavyo chama chake cha kwanza chenye jina la daktari Schreber kiliundwa Leipzig katika miaka ya 1860. Hadi leo vishamba hivyo vinakaribia milioni moja. Mfanyakazi wa kiwandani alilima viazi na kabichi, akajenga kibanda, akapanda maua mbele, na katikati yake akamsimamisha mzee mwenye koleo. Kuanzia hapo watu wenye shahada walianza kukicheka kijitu kama dalili ya ladha mbovu. Mabwana wa Uingereza waliokuwa wamekipenda waligundua ghafla kwamba hakiwafai. Waandaaji wa maonyesho makubwa ya maua ya Chelsea, London, walikipiga marufuku kabisa, na waliilegeza amri hiyo mwaka 2013, kwa heshima ya miaka 100 ya maonyesho, ili vijitu vilivyopakwa rangi na watu mashuhuri viuzwe kwa ajili ya hisani.

Vita Kuu ya Kwanza ilikata biashara na Ujerumani. Filamu ya Snow White ya Walt Disney, ya 1937, ikakirudisha kijitu kwa nguvu, sasa kikiwa na macho makubwa na mashavu ya mtoto. Baada ya 1945 Gräfenroda iliangukia upande wa Mashariki, huku jina la Heissner likianza upya Lauterbach, upande wa Magharibi. Plastiki ikaja, ikaua karakana nyingi za udongo. Na Ukuta wa Berlin ulipoanguka, mji wa Nowa Sól magharibi mwa Poland ukaanza kumwaga vijitu vya bei chee vilivyouzwa kwa Wajerumani waliovuka mpaka.

Kilichobaki ni ugomvi, na ugomvi huo unafurahisha. Mwaka 1988 mahakama ya rufaa ya Hamburg iliamua kwamba mwenye fleti hawezi kulazimishwa kuvivumilia vijitu viwili katika bustani inayomilikiwa na wakazi wote, kwa kuwa ni vitu vinavyoamsha hisia kali. Mwaka 1994 mahakama ya Grünstadt ilimwamuru mtu kuondoa vijitu alivyovielekeza kwa jirani yake, vikimwonyesha makalio na ishara nyingine za matusi. Ufaransa ilivuka mipaka. Mwaka 1996, huko Alençon, lilizuka kundi lililojiita jeshi la ukombozi wa vijitu vya bustani, ambalo liliviiba usiku na kuvipeleka msituni, likidai kuvirudisha kwao. Mwaka 1997 mahakama ya Béthune ilimpa kiongozi mmoja kifungo cha nje kwa wizi wa vijitu zaidi ya 150. Mwaka uliofuata, huko Briey, vijitu 11 vilikutwa vinaning'inia chini ya daraja pamoja na barua ya kuaga dunia.

Lakini mzaha wenye uzito zaidi ulitokea Wrocław, jiji la Poland ambalo mpaka 1945 lilikuwa la Ujerumani. Serikali ya kikomunisti ilitangaza hali ya hatari Desemba 1981 na kusimamisha shughuli za chama huru cha wafanyakazi, Mshikamano. Watu waliandika kauli zao ukutani usiku. Asubuhi polisi walizifunika kwa rangi, na miji ikajaa mabaka meupe ambayo kila mtu alijua yameficha nini. Mwishoni mwa Agosti 1982 mwanafunzi wa historia ya sanaa, Waldemar Fydrych, alianza na mwenzake kuchora vijitu juu ya mabaka hayo. Viliongezeka, vikasambaa katika miji mingine. Fydrych alikamatwa akichora huko Łódź, na akawaeleza polisi kwa lugha waliyofundishwa wao wenyewe katika madarasa ya siasa: kauli ya upinzani ni hoja, baka la rangi ni pingamizi lake, na kijitu ndicho upatanisho wa viwili hivyo.

Kundi lake liliitwa Mbadala wa Chungwa. Tarehe 1 Juni 1988, siku ya watoto, maelfu ya watu walijitokeza katika mtaa wa Świdnicka wamevaa kofia za vijitu, nyekundu na za rangi ya chungwa. Polisi hawakuwa na kanuni ya kushughulikia jambo hilo. Wakimwacha mwenye kofia wameshindwa. Wakimtia kwenye gari lao, ripoti lazima iandikwe kwamba amekamatwa kijitu. Waliwatia kadhaa garini. Mwaka uliofuata serikali hiyo iliingia kwenye uchaguzi na kushindwa.

Mwaka 2001 sanamu ya kijitu cha shaba nyeusi iliwekwa katika mtaa huo kulikumbuka kundi la Fydrych. Mwaka 2005 halmashauri ya jiji ikamwagiza mchongaji Tomasz Moczek vingine vitano, kila kimoja na kazi yake, kimojawapo kikiwa mchinjaji na kingine mfuaji nguo ukingoni mwa mto Odra. Benki, mahoteli na maduka yakataka na yao. Sasa vipo mamia, vingine vikitoa fedha kwenye mashine za benki, vingine vimelewa, vimelala au vinasoma magazeti, na jiji ambalo polisi wake waliwahi kumtia mtu ndani kwa kuvaa kofia yenye ncha linawauzia watalii ramani ya kuvitafuta.